Je, Picha ni Shahidi Muadilifu?



Husemwa kila siku, na aghalabu husemwa na watu wenye akili zao, kwamba picha haisemi uwongo. Watu wawili wakibishana juu ya jambo lililopita, mmoja wao akatoa picha mfukoni, mabishano hukoma pale pale. Ulimi wa mtu huongeza na kupunguza, lakini kioo cha kamera, wasema, hakina mapenzi wala chuki. Huandika kilicho mbele yake basi. Nataka tulitazame neno hili kwa utulivu, maana ndani yake mna swali kubwa kuliko picha yenyewe: je, yamtosha shahidi kuwa hakusema uwongo?

Mwenye kusoma fiqhi japo kidogo ajua kuwa haimtoshi. Kadhi hamkubali mtu kwa kuwa tu hajasikiwa akisema uwongo. Humuuliza alikuwa amesimama wapi, aliona kwa macho yake au alihadithiwa, ana maslaha gani katika kesi ile, na je, ameyasema yote ayajuayo au amebakisha. Kuficha ushahidi kumekatazwa kama kulivyokatazwa kuuzua. Shahidi anayesema, "Nilimwona Ali akitoka dukani na mfuko," asiseme kuwa alimwona pia akilipa, hakutamka neno la uwongo hata moja, na Ali amekwisha haribikiwa. Basi na tuiite picha mbele ya kadhi, tuihoji.

Picha nitakayoitwaa ni ya mbali na kwetu, na nimeichagua makusudi, kwa sababu mtu huona vizuri zaidi aibu ya nyumba ya jirani kuliko ya kwake, kisha akirudi kwake jicho limekwisha zoea. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, huko Uholanzi, zilipigwa na kuuzwa picha nyingi za meli za moshi zikipita katika Mfereji wa Bahari ya Kaskazini, baina ya mji wa Amsterdam na bahari. Nyingi zilichapishwa kuwa kadi za posta, na zote karibu ni mamoja: meli ndefu nyeusi, dohani inatoa moshi, ukingo wa mfereji ulionyooka kama uzi, na mbingu nyeupe isiyo na wingu. Pengine pembeni pana kinu cha upepo au ng'ombe wawili watatu wanakula majani.

Ukiitazama kwa mara ya kwanza hushangaa. Nchi ile sehemu kubwa iko chini ya usawa wa bahari, na mashamba ya kando ya mfereji yako chini kuliko maji ya mfereji wenyewe. Mpigapicha akisimama shambani, tuta la udongo huyaficha maji, na meli yaonekana kana kwamba inatembea juu ya majani, baina ya ng'ombe. Hapo tayari shahidi wetu amekwisha teleza. Hakusema uwongo, lakini ametuonyesha meli pasipo maji, na kama si kujua kwetu kwamba meli haitembei nchi kavu, tungaliamini.

Mfereji huo una khabari yake. Amsterdam ulikuwa mji tajiri wa biashara, lakini njia yake ya kutokea baharini ilipita katika ghuba yenye kina kidogo, na mchanga ulizidi kuijaza. Mwaka 1824 walifungua mfereji wa kwanza kuelekea kaskazini mpaka Den Helder, kiasi cha kilomita 80, ambamo vyombo vilikokotwa na farasi waliotembea ukingoni. Meli za moshi zilipokuja, kila mwaka kubwa kuliko za jana, mfereji ule ukawa mwembamba na mrefu mno. Ndipo mwaka 1865 wakaanza kuchimba mwingine, wakaikata nchi pahala ilipo nyembamba zaidi na kuvipasua vilima vya mchanga vya pwani, na mwaka 1876 Mfalme Willem III akaufungua. Urefu wake haufiki kilomita 30. Mwisho wake, huko IJmuiden, yamejengwa malango makubwa ya maji yanayoinua na kushusha vyombo, na lango moja lililomalizika mwaka 1929, la mita 400 kwa urefu na 50 kwa upana, ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote duniani wakati ule.

Ni kazi ya kusifiwa, wala sioni haya kuisifu. Mwanadamu aliyepewa nchi ya matope akaifanya bustani na bandari ametumia vyema akili aliyopewa. Lakini tuihoji picha: waliochimba wako wapi? Walikuwa maelfu, wengi kwa sepetu na toroli, wakilala na watoto wao katika vibanda vya mbao na vipande vya udongo wenye majani, katika nchi yenye malaria na kipindupindu. Picha ilipopigwa, mashimo yao yalikuwa yamekwisha jaa maji. Kazi nzuri ya mkono ina tabia hii ya ajabu, kwamba ikikamilika humfuta aliyeifanya. Twauona mfereji, na macho yetu huuhesabu kuwa ni kitu kilichokuwako siku zote, kama mto.

Hata ufundi wenyewe wa picha una upendeleo wake. Vioo walivyotumia wapigapicha wa zama zile viliathirika sana na rangi ya buluu, na kwa hivyo mbingu ilitoka nyeupe tupu hata kama siku ile ilikuwa na mawingu mazuri. Baadhi yao wakawa na mawingu yao ya akiba, wakiyatia kutoka katika picha nyingine. Na zamani zaidi mambo yalikuwa makubwa kuliko hayo. Mwaka 1838 Mfaransa Daguerre aliipiga picha barabara moja ya Paris yenye watu na magari ya farasi. Bamba lake lilihitaji dakika kadhaa ili kuandika. Picha ilipotoka, barabara ilikuwa tupu. Waliokuwa wakitembea, wakibeba, wakisukuma na kukimbilia riziki zao hawakuandikwa. Hawakutulia vya kutosha. Aliyeandikwa ni mtu mmoja aliyesimama kusafishiwa viatu, maana yeye alitulia. Msafisha viatu mwenyewe ni kivuli tu miguuni pake.

Nimeikumbuka picha hiyo mara nyingi. Sijui mfano ulio bora kuliko huo wa namna tarikhi inavyoandikwa. Aliyetulia huandikwa, anayehangaika hupita kama moshi.

Hapa patafaa kukumbusha hoja ya wanavyuoni wetu. Kamera ilipoenea katika nchi za Kiislamu walikhitalifiana kama inaingia katika katazo la kutengeneza sura. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914 hadi 1920, aliandika risala akaijuzisha. Hoja yake ilikuwa kwamba mpigapicha haumbi kitu; hukizuia tu kivuli cha kile ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kiumba, kama kioo kinavyoirudisha sura ya mwenye kujitazama. Wako waliokubali na wako waliokataa, na sikuja kuamua baina yao. Ninalolitaka ni neno lile "kivuli." Kivuli ni cha kweli, lakini kina upande mmoja tu. Chaonyesha urefu wa mtu, hakionyeshi uso wake. Chaonyesha kuwa amebeba kitu, hakisemi ni mali yake au ya mwenziwe. Anayetoa hukumu kwa kivuli sharti akijue kile kilichokitupa.

Basi tuijue meli yetu. Katika meli zilizopita mfereji ule zilikuwamo za kampuni ya Stoomvaart Maatschappij Nederland, iliyoundwa Amsterdam mwaka 1870, mwaka mmoja baada ya kufunguliwa Mfereji wa Suez. Njia yake kuu ilikuwa kwenda Batavia, ambayo leo ni Jakarta, safari ya kiasi cha mwezi. Mwanzoni mwa karne ya ishirini kampuni hiyo ilizipa meli zake majina ya mashuhuri wa taifa lao: Rembrandt mchoraji, Vondel mshairi, na mwaka 1907 Grotius mwanasheria. Hiyo ya mwisho na tuisimamishe kidogo, kwa sababu jina lililoandikwa omoni mwake lasema mengi kuliko dohani yake.

Grotius, au Hugo de Groot, alizaliwa Delft mwaka 1583. Mwaka 1603 Waholanzi waliikamata meli ya Wareno, Santa Catarina, karibu na Singapore, ikiwa na shehena iliyouzwa kwa guilda zaidi ya milioni tatu. Kampuni yao ya Mashariki ya India ilitaka mwanasheria wa kuitetea nyara hiyo, akapatikana kijana huyu. Katika kazi hiyo kikazaliwa kitabu chake kidogo juu ya uhuru wa bahari, kilichotoka mwaka 1609. Alisema kwamba bahari si milki ya taifa lolote, kama hewa isivyo milki ya mtu, na kwamba Wareno hawakuwa na haki ya kuwafungia wengine njia ya Mashariki. Akasema pia, na hili huwa halitajwi sana, kwamba watu wa Java na visiwa vya karafuu walikuwa na wafalme wao na sheria zao tangu hapo, na kwamba kutokuwa Wakristo hakuwavui umiliki wa nchi zao.

Maneno mema kabisa. Yangaliweza kuandikwa na mwanachuoni wa Kiislamu asione haya. Lakini tazama yaliyofuata. Mwaka 1621 Grotius, aliyekuwa amefungwa maisha kwa sababu za siasa na dini, alitoroka ngomeni akiwa amejificha ndani ya kasha la vitabu, kwa hila ya mkewe hodari. Na mwaka huo huo wa 1621 kampuni ile ile aliyoitetea, chini ya amri ya Jan Pieterszoon Coen, ilivishambulia visiwa vya Banda, kwa kuwa watu wake, ambao wengi wao walikuwa Waislamu, waliwauzia kungumanga na basibasi wanunuzi wengine pia. Wazee wao zaidi ya arobaini walikatwa vichwa na askari wa kukodiwa kutoka Japani. Wanahistoria hukadiria kuwa katika watu kiasi cha 15,000 hawakubaki ila kama 1,000. Wengine waliuawa, wengine walikufa njaa milimani, wengine walichukuliwa utumwani Batavia. Bahari ilikuwa huru, naam, mpaka ilipokuwa mikononi mwa aliyedai uhuru wake.

Sisi watu wa pwani tuna sababu ya kulijua jambo hili zaidi ya wengine. Waholanzi hao hao waliikata mikarafuu katika visiwa vingi vya Maluku ili ibaki Ambon na jirani zake tu, bei isianguke. Ukiritimba ule ulitobolewa na Mfaransa Pierre Poivre, aliyefanikiwa mwaka 1770 kupata miche kwa siri na kuipeleka Mauritius. Na kutoka katika visiwa vya Wafaransa, mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, karafuu ikafika Unguja, kisha Pemba. Baadaye mambo yakageuka, Indonesia ikawa kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa wa karafuu ya Zanzibar kwa ajili ya sigara zake zenye harufu. Harufu unayoisikia bandarini Mkoani au Wete ina ukoo, na ukoo huo unapita katika damu ya watu wa mbali.

Turudi melini. Picha yaonyesha dohani na moshi. Moshi hauji bure. Chini, pasipoingia jua, kuna tanuri, na mbele ya tanuri wanaume waliovuliwa mashati na joto, kazi yao kutia makaa ya mawe usiku na mchana kwa zamu, makumi ya tani kila siku. Ni nani hao? Wengi walikuwa Waholanzi maskini. Mwaka 1911 mabaharia walipogoma kudai ujira, wenye meli waliwaleta Wachina kutia makaa badala yao, na kwa hivyo mtaa wa Katendrecht huko Rotterdam ukapata Wachina wake. Maskini akagombanishwa na maskini mwenziwe, na moshi ukatoka juu ule ule. Na katika vyumba vya abiria wa daraja la kwanza, aliyeleta chai na kukunja shuka alikuwa kijana wa Java, aliyevuka bahari mbili na nusu kuhudumia watu waliokuwa wakienda kuitawala nchi yake.

Na wako wengine ambao mfereji wa Uholanzi haukupata kuwaona kabisa. Kampuni hii, pamoja na Rotterdamsche Lloyd na kampuni moja ya Waingereza, zilishirikiana kuwachukua mahujaji kutoka Java na Sumatra mpaka Jidda. Meli ya mizigo iliyokuwa ikirudi Ulaya iliwapakia maelfu kwa maelfu katika sitaha za kati, ambamo kabla yao au baada yao palipakiwa magunia, ikawateremsha Bahari ya Sham, kisha ikaendelea na safari yake kwenda kupigwa picha nzuri baina ya ng'ombe. Katika msimu wa mwaka 1927 walikwenda kutoka visiwa hivyo mahujaji zaidi ya 50,000. Wengi walikuwa wamekusanya nauli maisha mazima. Wako waliokufa njiani na wako waliofia Hijazi. Mshangao ulioje, kwamba nguzo ya tano ya dini yetu iliingia katika daftari za faida za watu wa Amsterdam! Lakini hebu tuwe waadilifu: meli hizo ziliwafikisha Makka watu ambao kwa jahazi wasingalifika. Mtu hupata kheri kwa mkono wa asiyemtakia kheri, na kheri ile haigeuki kuwa shari, wala aliyeileta hageuki kuwa walii.

Nitaongeza kisa kimoja, kwa kuwa kinaihusu kamera. Mwaka 1885 mwanachuoni wa Kiholanzi, Snouck Hurgronje, aliingia Makka kwa jina la Abdul-Ghaffar. Huko alikuwako tabibu, mwenyeji wa Makka, Sayyid Abdul-Ghaffar, mwenye jina hilo hilo, naye akajifunza upigaji picha. Mholanzi alipofukuzwa mji, yule tabibu aliendelea kumpigia picha na kumpelekea. Zilichapishwa Ulaya, na jina la tabibu, alilokuwa ameliandika kwa mkono wake juu ya picha zake, likafutwa. Snouck baadaye akawa mshauri wa serikali ya kikoloni, ukiwamo ushauri wa vita vya Aceh. Ona basi: shahidi wetu asiyesema uwongo hakuficha waliokuwa nje ya picha tu, alimficha hata aliyemshika mkononi.

Sasa najua kuna msomaji anayesema: "Bwana, umetuharibia picha nzuri. Meli ni chuma. Mfereji ni maji. Walioua Banda wamekufa miaka mia nne iliyopita, na hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Mholanzi wa leo anayeitundika kadi hii ukutani amemkosea nani?"

Hoja hii ina uzito, na mwenye kuipuuza hakuifahamu dini. Kweli, dhambi hairithiwi. Mtoto wa mwizi si mwizi. Lau tungalihesabiana makosa ya mababu, hapana nyumba duniani ingalisalimika, na chuki isingalikoma. Lakini hapa pana vitu viwili ambavyo watu huvichanganya, nami nakuomba uvitenge: dhambi na dhamana. Dhambi hufa na mwenyewe, hesabu yake iko kwa Mola wake. Dhamana huifuata mali. Mtu akifa, hatugawi urithi kwanza tukauliza madeni baadaye. Hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia, ndipo warithi wanyooshe mikono. Na mali ya ghasbu, iliyonyang'anywa kwa nguvu, haiwi halali kwa kupita mikono kumi. Mrithi aliyekuta ndani ya kasha la babake mkufu wa jirani hana dhambi ya kuiba. Lakini tangu saa ile aliyojua, kuuweka ni tendo lake mwenyewe, si la babake.

Usidhani kwamba hii ni fikra ya Waislamu peke yao. Mwaka 1899 Mholanzi mwenyewe, van Deventer, aliyekuwa amefanya kazi ya sheria huko Java, aliandika makala mashuhuri aliyoiita deni la heshima. Alitwaa hesabu. Kwa miaka kiasi cha 40, tangu 1830, wakulima wa Java walilazimishwa kuilimia serikali kahawa, miwa na nili, na faida, mamia ya milioni za guilda, ikapelekwa Uholanzi kulipa madeni ya taifa na kujenga njia za reli. Akasema kwamba fedha hiyo yapasa kurudishwa. Mwaka 1901 serikali ikatangaza siasa mpya ya "maadili", ikajenga skuli chache na mifereji ya mashamba. Lakini vita vya Aceh vikaendelea, na mtawaliwa akabaki mtawaliwa.

Na mwisho wake ndio unaonitatiza zaidi. Mwaka 1949, baada ya vita vya miaka minne, Uholanzi ilipokubali kuiachia Indonesia, mkataba uliitwisha Indonesia deni la guilda zaidi ya bilioni nne, yaani madeni ya serikali ile ile ya kikoloni. Aliyelimishwa kwa nguvu akaambiwa alipe gharama za kulimishwa. Indonesia ililipa kwa miaka kadhaa, na mwaka 1956 ikakataa kuendelea. Ama radhi, ilingoja: mwaka 2020 Mfalme Willem-Alexander aliomba radhi akiwa Indonesia kwa ukatili wa vita vile, na mwaka 2022 waziri mkuu Rutte akafanya hivyo baada ya uchunguzi mrefu. Mwaka 2023 zilirudishwa tunu mamia zilizochukuliwa Indonesia na Sri Lanka. Kuomba radhi ni jambo jema, na kurudisha ni jema zaidi. Lakini kama nilivyosema, deni lina mlango wake, na radhi ina mlango wake. Anayeingia kwa mlango wa radhi asidhani amekwisha pita kwa ule wa pili.

Basi afanye nini aliye na kadi ile ukutani? Aichane? Sioni hivyo. Kuichana picha kwa sababu haikusema yote ni kumuua shahidi kwa kuwa amekumbuka nusu. Nusu ile tunaihitaji. Meli ilikuwako, mfereji ulikuwako, siku ile upepo ulipeleka moshi upande wa kushoto. La kumpasa ni kumwita shahidi wa pili. Kadhi akiona ushahidi pungufu haufungi mlango, hutafuta anayejua yaliyosalia.

Nilisema mwanzo kuwa jicho likizoea nyumba ya jirani hurudi nyumbani. Nasi tuna picha zetu. Katika nyumba nyingi za pwani, Lamu, Mombasa, Unguja, Bagamoyo, kuna picha ya babu amekaa kitini, kanzu na joho na jambia, nyuma yake mlango wa nakshi, na watu huionyesha kwa wageni kwa fahari. Itazame pembeni. Mara nyingi pana kijana amesimama na birika, au mwanamke kashika mtoto asiye wake, nusu yake imekatwa na ukingo wa karatasi. Utaambiwa majina ya wote waliokaa, mpaka nasaba zao. Ukiuliza yule aliyesimama ni nani, utajibiwa, "Huyo alikuwa mtu wa nyumbani," na mazungumzo hugeuzwa. Soko la watumwa Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukupigwa marufuku kisheria huko mpaka 1897. Karafuu ile niliyoitaja, iliyofika kwa njia ya Maluku na Mauritius, ilipandwa na kuchumwa na mikono ya watu waliotolewa bara kwa nguvu. Tuliyoyasema juu ya dohani na mtia makaa, na juu ya mkufu ndani ya kasha, hayakuandikwa kwa Waholanzi peke yao.

Wako wanaosema kuwa kuyafukua haya ni kuleta fitina baina ya watu waliokwisha oana na kuswali safu moja. Khofu yao naifahamu. Lakini fitina hailetwi na anayeuliza jina la mtu. Kijana yule mwenye birika alikuwa na mama aliyempa jina, na huenda mjukuu wake ndiye anayeuza samaki mtaani kwako, naye haijui picha hiyo, kwa kuwa imo ndani ya nyumba asiyoalikwa sebuleni.

Mabibi wanaoyajua majina hayo wamebaki wachache. Kaa nao jioni, uwape picha waishike mkononi, uwaulize kuanzia pembeni, si katikati. Wakikutajia, andika nyuma ya karatasi, na tumia kalamu ya risasi; wino hupenya ukaharibu sura upande wa pili.